Nyota Asiyoiona Mtu na Mwezi Niliouona Mimi

Jumanne, tarehe ishirini na tisa Ramadhani, Msambweni. Joto, mawingu yamejazana magharibi, na mate yamenikauka.

Ijumaa Uhuru unatimiza miaka sita, na leo nimejua tumeutumiaje. Mdogo wangu Bakari, tuliyemsindikiza kwa dua na ubani akasome ng'ambo, ameniandikia kwamba anapigia hesabu nyota isiyokuwepo.

Si nyota ya moto kama jua. Ni ya kitu anachokiita uga: kama joto la jikoni, kila mahali pana kiasi chake, ila halina upande linakoelekea. Uga huo ukijikusanya kwa uzito wake wenyewe, anasema, huwa nyota ndogo, nzito mno, isiyo na uso wala mwanga. Kurasa nne za upuuzi. Nchi haina madaktari, yeye anapima uzito wa nyota iliyo kichwani mwake.

Nilimsomea mama, aliyekuwa akichambua mchele wa Idi.

"Hiyo nyota kaiona nani?"

"Hakuna, mama."

Barua inaisha hivi: "Kaka, hakuna aliyeiona, na huenda haipo. Nikiulizwa, nasema hivyo hivyo." Nikacheka kwa dharau. Kisha nikakumbuka.

Mwaka jana, siku kama ya leo, nilisimama ufuoni na darubini yangu kuutafuta mwezi wa Idi, mwalimu mzima wa sayansi, wazee wamenizunguka. Sikuona kitu. Nikaona haya kukiri. Nikasema mwezi nimeuona. Hamisi mvuvi naye akasema ameuona, kwa kuwa mwalimu ameuona. Hao ndio mashahidi wawili waliotosha kutangaza Idi. Kesho yake sisi tulikula pilau, jirani zetu wa Vanga wakafunga ya thelathini, nami nikawacheka kwamba hawana macho.

Sijamwambia mtu.

Baada ya futari.

Magharibi wazee walinisubiri tena ufuoni. Mawingu matupu. Imamu akanigeukia. "Haya, Mwalimu, umeuona?"

"Sikuuona. Na mwaka jana pia sikuuona."

Hakuna aliyenigombeza. Hamisi alitazama miguu yake. Imamu akasema, "Basi sote tuna siku moja ya kulipa," akaenda kuswali. Hakunipa mkono.

Mama ameurudisha mchele kwenye debe. Kesho tunafunga.

Nimeanza kumjibu Bakari. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka tisa, na nimeanza na shikamoo.