Wenzake Wote Ni Moshi

Mama mkwe, shikamoo.

Huku tu wazima. Bati lililokuwa likivuja limezibwa, na kuku wako bado anataga chini ya kitanda.

Umesema sura ya marehemu mwanao imeanza kukupotea, unaomba picha. Nimepekua zote. Unajua nilivyokuwa nikiwapiga picha wacheza ngoma uwanjani jioni: lenzi naiacha wazi kwa muda, nao wakizunguka wanatoka kama moshi. Mwanao hakuwa mtu wa kutulia. Karibu picha zake zote ni gauni lisilo na uso.

Ipo moja. Manyunyu yalianza, akasimama ghafla katikati ya ngoma, akanigeukia.

"Baba wewe, sweta liko wapi? Ukiumwa nani atakuuguza?"

"Shoga, cheza bwana! Huyo ni mume, si mtoto," wenzake wakamcheka.

Hakucheza. Nikanung'unika kwamba ameniharibia picha.

Nimekukuzia hiyo. Wenzake wote ni moshi, yeye yupo, na macho yale ni yako. Mdomo tu ndio umefifia, maana alikuwa bado ananigombeza. Itundike hivyo hivyo.

Mkweo