Kichwa cha samaki njo cha Shemeji Waziri

Citoyen Waziri, shemeji yangu,

Nimeenda salongo, kufagia barabara na wengine. Bugali iko ndani ya kitunga. Mboga ya sombe muachie mama.

Leo asubuhi ulivua samaki yangu jike mu kiziwa changu cha maji, ukasema: «Huyu wa mistari na ule dume wa tumbo nyekundu ni kabila ya mbali, hawatazaa hata siku moja. Tumule tu.» Majirani wakanicheka. Miezi tano nilikuwa nawaangalia, na dume mwingine hakuwamo.

~~Kichwa mupe mutoto Sudi.~~ Hapana, kichwa njo chako. Nimekipika na mayai yake ndani ya kinywa, kwani jike wa samaki hawa analelea mayai mule. Mayai bila dume haioti macho. Hii iko na macho.

Majirani wale wale nimewaita saa sita. Fungua kinywa mbele yao, uwaambie baba ni nani.

Muke wa kaka yako,
Hadidja