Oili Namba Arobaini

Mwandoya, 3 Juni 2024

Dada Generoza,

Mwangaluka. Huku hatujambo, hofu ni kwako. Shemeji na watoto wazima? Simu zangu hupokei tangu tumalize matanga ya baba, ndiyo maana nimempa konda wa basi la Maswa karatasi hii.

Nina shida moja. Pikapu ya baba inatakiwa kubadilishwa oili kabla sijaanza kubeba pamba. Fundi Ndaki anataka niweke ile nyepesi ya magari mapya, eti ndiyo ya kisasa. Nimeenda dukani, makopo ni mengi, nimeshindwa kuchagua. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia baba tochi akiingia chini ya gari. Alikuwa anaweka ipi?

Mdogo wako,
Mayige


Binza, 8 Juni 2024

Mdogo wangu Mayige,

Salamu nimezipata. Sisi wazima.

Kumbe unakumbuka una dada siku gari linapotaka oili! Ukoo ulipokaa kugawa vitu, mbona hukuikumbuka hiyo tochi? Pikapu ile ilinunuliwa kwa ng'ombe wa mahari yangu. Walipelekwa mnadani hata sijazoea jiko la wakwe. Mimi nikapewa kitenge cha mama na sufuria mbili. Wewe, ambaye hujui oili inaingilia wapi na kutokea wapi, ukapewa funguo. Nasikia unapita nayo sokoni mkono mmoja nje ya dirisha. Wivu ninao, ndiyo, wala sioni aibu kuuandika.

Msikilize fundi wako. Baba alikuwa anaweka nyepesi.

Dada yako,
Generoza


Binza, 2 Julai 2024

Mdogo wangu Mayige,

Hamjambo hapo nyumbani? Wiki ya tatu hii hujajibu, na sasa mimi ndiye ninayepiga simu na wewe hupokei. Jana konda kaniambia pikapu haionekani barabarani kabisa. Nilikaa chini palepale stendi, watu wakaniuliza kama naumwa.

Nilikudanganya. Injini ile imechoka, vyuma vimelika. Ukiiwekea oili nyepesi inapenya na kuungua, inatoa moshi, kisha inagonga mpaka inakufa. Baba aliweka namba arobaini, ile nzito, na kijiti cha kupimia kikionyesha imepungua aliongeza hiyohiyo. Nilijua yote haya nilipokuwa naandika. Nilitaka ikufie mkononi, wote tukose.

Kama bado inaokoleka, imwage oili yote leo hii. Kama imekufa, niambie, usinifiche.

Dada yako,
Generoza


Mwandoya, 6 Julai 2024

Dada Generoza,

Mwadila. Sisi wazima, na pikapu nayo nzima.

Sikuweka oili yoyote. Siku barua yako ilipofika, nilikuwa nimeshaliona dumu la baba nyuma ya ghala. Limeandikwa 40 kwa rangi nyeupe, na ile nne yako yenye mkia naijua tangu daftari za shule. Nikajua umenidanganya. Nilipandwa na hasira nikaipaki, nikaapa siiwashi mpaka uniambie ukweli mwenyewe. Pamba tumeivuta kwa mkokoteni wa ng'ombe, wifi yako Veronica kanisema mpaka kachoka. Na mimi ni mkaidi, unanijua.

Ila umesema lako, acha niseme langu. Baba akifungua boneti alikuita wewe. Mimi nikisogea ananituma nikaangalie ndama. Mpaka leo sijui hicho kijiti kinachomolewa wapi, na naona haya kumwuliza Ndaki. Ulipoolewa nililia mbele za watu, lakini moyoni nilifurahi, nikijua sasa ataniita mimi. Hakuniita. Tochi akawa anaing'ata kwa meno.

Kwa hiyo wivu hauko Binza peke yake. Ng'ombe walikuwa wako, sikatai, na nilipaswa kulisema siku ile mbele ya ukoo.

Mdogo wako,
Mayige


Binza, 9 Julai 2024

Mayige,

Msalimie Veronica, mwambie anisamehe kwa ule mkokoteni.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Namba arobaini nimeshanunua, dumu zima, na tochi ninayo. Utaingia wewe chini ya gari, mimi nitakumulikia na kukuonyesha kila kitu, pamoja na hicho kijiti. Usimwite Ndaki.

Tukimaliza, wa kwanza kuendesha ni mimi. Wewe utakaa pembeni.

Dada yako,
Generoza