Huyo Mama Yako wa Jukwaa

Bulla Pesa, Isiolo

Kwa binti yangu Nakuam,

Habari ya Nairobi? Sisi tuko wazima. Mbuzi ya ndugu yako Lotukoi imezaa mapacha.

Karatasi ya mchezo wenu imefika. Nimesoma pole pole. Unasema mwalimu Kathambi amekufundisha maigizo yote, kutoka Wagiriki wa zamani waliovaa nyuso za bandia mpaka ya leo. Ni vizuri. Lakini huko chini umeandika, "Asante Kathambi, mama yangu wa jukwaa."

Nakuam, ukiwa na miaka minne, nani alikuinua mikono juu, ukacheza mikono ikiwa pembe za ng'ombe ya babu yako, mpaka wazee wa Ngaremara wakalia? Hao Wagiriki walikuwepo? Kathambi alikuwepo?

Sijakasirika. Hata nimemsukia kikapu. Kidogo.

Jumamosi nakuja kuona mchezo. Kama amekaa mbele, mwambie asogee. Na mkimaliza, mkiinamia watu, wewe inua mikono kama pembe, mara moja tu. Nitajua ni mimi unashukuru.

Mama yako, yule wa kwanza,
Apua