Amesikika

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila kichwa changu kimevurugika kidogo.

Barua yako imenishtua. Unaniuliza kwa nini Baba anataka uje uchukue redio yake, eti wenzake anaozungumza nao hewani wamemchoka. Kwangu hakusema kitu. Jumapili nilimkuta ameifunika kitambaa, nikadhani ni kwa ajili ya vumbi.

Unaijua mashine ya chama chetu cha redio, ile ya juu ya paa la karakana, inayopokea sauti zetu na kuzirusha mbali. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kuichagulia kipokezi, yaani sikio lake, eti kwa kuwa wananiita Masikio. Dada, nilichanganyikiwa. Cha zamani kilisikia hata mtu akikohoa bondeni, lakini tangu mnara wa simu ujengwe jirani kikawa kinakoroma kutwa kucha. Kipya kilikuwa kimya safi, ila kilikuwa kizito kuzisikia redio dhaifu kama ya Baba. Mwenyekiti alitaka kipya, fundi umeme alitaka cha zamani, nami nikawakubalia wote wawili.

Tukakijaribu kipya. Kila mwanachama aliita kutoka kwake, mimi nimevaa hedifoni naandika nani amesikika. Ikafika zamu ya Baba. Unajua anavyosema siku zote: hamjambo wote, mzee yupo, chai iko motoni. Nikaandika amesikika. Kipya kikafungwa paani moja kwa moja, cha zamani kikawekwa kando.

Hapa ndipo ninapokuomba radhi. Mpaka leo sijui kama nilimsikia au nilimkumbuka. Maneno yale nayajua kwa ghaibu. Huenda yalitoka kichwani mwangu tu. Watu walikuwa wananitazama, nikaona aibu mimi Masikio nishindwe kumsikia baba yangu mwenyewe. Wiki tatu hizi sijamsikia hewani hata mara moja, nikajidanganya kwamba amepumzika. Kumbe kila asubuhi anawasikia wenzake wakisalimiana, naye anawasalimu, na hakuna anayemwitikia.

Tafadhali usiichukue redio. Jumamosi napanda paani kurudisha cha zamani, kikorome kinavyotaka, na chama nitakiambia ukweli. Baba bado sijamwambia, mdomo umekuwa mzito. Nitangulie wewe, umpigie simu. Mwambie hakuna aliyemchoka. Mwambie ni mimi sikumsikia.

Nisalimie shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Masikio