Rimu ya Baba Yunusi

Morogoro mjini, 2 Juni 2024

Baba, shikamoo. Natumaini kifua kimepungua na unakula. Mimi mzima wa mwili.

Tangu tumalize arobaini ya mama nasikia mlio mmoja tu: ile rimu ya gurudumu la lori inayoning'inia mlangoni kwako, ikipigwa kwa nondo, mlio ukishuka hadi shambani bondeni. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni niliurekodi kule, nimesimama kando ya mama. Mwishoni anasikika akicheka: "Huyo baba yako. Mkono wake naujua."

Nimeelewa ulichoniomba. Unasema mvua ilipoanza huko juu ulipiga ili walio bondeni wakimbie, ila rimu ina ufa, mlio haukufika, tope likamkuta mama. Siku ya arobaini nilirekodi tena palepale shambani, wewe ukinipigia. Chuoni tuna oskiloskopu, mashine inayochora sauti iwe mstari kwenye kioo. Nitaiweka milio yote miwili pamoja. Kama kuna ufa, utaonekana.

Mwanao, Shadya

Milimani, 9 Juni 2024

Marahaba mwanangu. Kifua kinaniacha asubuhi, jioni kinarudi.

Mjomba wako Salum anataka kikao cha ukoo baada ya Idi. Wanasema nyumba na shamba ni vya ukoo wa mama yako, na aliyemwacha dada yao afe hawezi kuendelea kuvikalia. Kisimani wananiita bubu, eti sikupiga. Andika kwamba rimu ina ufa, upige na mhuri wa chuo. Wewe ndiye msomi wetu, watakusikiliza.

Mbuzi wako amezaa mapacha.

Baba yako, Yunusi

Morogoro mjini, 14 Juni 2024

Shikamoo baba. Habari ya mbuzi imenifurahisha kidogo.

Mlio wa zamani niliuingiza chaneli ya kwanza, wa sasa ya pili. Chuma chenye ufa hutetemeka ovyo na kunyamaza upesi. Nilitaka kuuona huo ufa, baba. Niliisogeza mistari ikalaliana, ikawa kama mmoja, ikafifia polepole pamoja. Nikabadilisha nyaya, nikidhani nimekosea mimi. Ikalaliana tena. Tofauti ni mwishoni tu: mstari wa zamani una mawimbi madogo. Ni mama anacheka.

Rimu ni nzima. Na siku ile ya tope, bondeni mvua ilikuwa haijafika, palikuwa kimya. Majirani waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya bonde hawakusikia kitu.

Sijaandika chochote. Nijibu kwanza: ulipiga?

Mwanao, Shadya

Milimani, 28 Julai 2024

Mwanangu, natumaini hujambo. Gari la mboga lilikuwa halipiti, ndiyo maana nimechelewa. Kikao kilisogezwa, sasa ni Jumapili ijayo.

Mwezi wa pili nilipiga, watu wakakimbia wakaacha majembe, mvua ikaishia hukohuko juu. Salum akasema msikitini, "Yunusi akiona wingu anapiga rimu. Mwozesheni hiyo rimu." Walicheka hadi watoto. Mama yako naye alicheka.

Siku ile ya tope nondo ilikuwa mkononi. Nilitazama wingu, nikasema ngoja kwanza.

Andika ufa, mwanangu. Kwa umri huu nitakwenda wapi?

Baba yako

Morogoro mjini, 2 Agosti 2024

Baba, shikamoo. Dawa ya kifua nimempa dereva wa gari la mboga. Inywe baada ya kula.

Jana mjomba Salum alileta nyanya sokoni, nikamfuata. Nimemwambia rimu ni nzima na kwamba hukupiga. Nimemwambia na sababu. Aliposikia habari ya kile kicheko cha msikitini alikaa juu ya tenga, akawa anafuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

Kisha nikamwambia la pili. Kwa mila ya ukoo wao, vya mama ni vya binti yake, na binti ni mimi peke yangu. Nami nimeamua utaishi hapo mpaka mwisho wako. Aliuliza kama nimefikiri vizuri, nikamrudia maneno yaleyale. Rimu nimeomba ihamishiwe kwa mwingine. Amekubali.

Mimi sitapanda tena kuja huko. Rekodi yenye kicheko cha mama ninayo. Ile uliyonipigia siku ya arobaini nimeifuta.

Mwanao