Jaji Alivyomshika Mtasema Meno

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Homa Bay. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye mashindano ya mbwa jaji humshika mbwa kwa mikono yake. Alimfungua mbwa wetu Mtasema mdomo kwa vidole, akakagua meno yote, kisha akampapasa mpaka korodani. Nilifumba macho nikingoja damu, maana huyu ndiye mlinzi wa omena, wale dagaa wako. Mama, Mtasema alimlamba jaji mkono. "Mpole ajabu," jaji akasema, akatupatia utepe wa ushindi.

Sasa najiuliza wezi wa huko kwetu Muhuru Bay wamekuwa wakimwogopa nani miaka hii yote. Tunarudi Jumapili, nina hamu sana ya kukuona. Kabla hatujafika, lile bango la "Mbwa Kali" langoni, futa "Mbwa," andika "Mama."

Binti yako,
Akinyi